Mama Onja Avua Aproni

Baada ya miaka thelathini na moja jikoni, mpishi mkuu wa chuo chetu, Mama Onja, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Mimi ni mtunza stoo, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo nimegombana naye juu ya mafuta na vitunguu. Kwa hiyo wakubwa wameona mimi ndiye ninayefaa kuandika wasifu wake.

Aliajiriwa kuosha vyombo. Baadaye alishika mwiko, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuugusa. Wahadhiri walikatiza vikao kwa ajili ya maharage yake. Hasira zake zilikuwa karibu, kicheko chake karibu zaidi.

Jina lake lilitokana na chumvi. Chakula cha serikali kilikuwa cha wanafunzi wa bweni tu. Wa kutwa walijitegemea, na baadhi yao walijitegemea kwa maji ya bomba. Akimwona mmoja anazungukazunguka nyuma ya jiko, alimwita: "Hebu njoo uonje, mwanangu, leo chumvi imenishinda." Kuonja kwenyewe kulikuwa sahani iliyojaa. Mpishi mkuu hakuwahi kuwa na hakika na chumvi yake, nasi sote tulijifanya tunaamini. Waonjaji walikaa juu ya magunia ya mchele, wakamsimulia habari za mitihani, wachumba na wazazi wagonjwa.

Mwaka juzi maofisa wa wizara walikuja kuuliza kama kuna wanafunzi wanaoshinda na njaa. Mkuu wa chuo alisema hakuna, nami nikaitikia kwa kichwa. Mama Onja alikuwa ameleta chai tu. Akaweka birika mezani, akawakaribisha jikoni wakati wa chakula cha mchana. Alijua anachokifanya: kugawa chakula cha serikali kwa wasioandikishwa ni kosa la kufukuzwa kazi, na kiinua mgongo chake kilikuwa kimekaribia. Wakaja, wakawakuta vijana kwenye magunia. Ofisa mmoja akashangaa waonjaji kuwa wengi hivyo. Mama Onja akamjibu kwamba hao si waonjaji, wana njaa, na yeye amechoka kuigiza.

Alipewa onyo kali. Lakini mwaka uliofuata msaada wa chakula ulipanuliwa, ukawafikia wanafunzi wa kutwa. Sasa wanapanga foleni na wenzao, kadi mkononi, wala hakuna anayejificha.

Hicho ndicho alichokitaka, na ndicho kilichomwachia upweke. Mchana alikuwa akitoka mlango wa nyuma, anasimama akifuta mikono iliyokwisha kukauka. Aliniuliza kama huwa nawaona mjini wale wa zamani, kama wamepata kazi, kama yule mwembamba wa uhandisi amemuoa mchumba wake. Nilimwambia siwaoni. Wengi hawapendi kuzikumbuka siku zile, na siwalaumu. Yeye hakutaka shukrani. Aliwatamani tu.

Mumewe alifariki zamani, na binti zake wameolewa mbali. Nyumbani bado anapika sufuria kubwa, kwa kuwa hajajua kumpikia mtu mmoja. Anakaa nyumba ya pili nyuma ya posta. Nimeandika hivyo makusudi, maana jarida hili huwafikia waliohitimu.

Mama Onja, asante kwa kila sahani. Stoo itakuwa kimya, na kimya hicho sikitaki. Tunakuombea afya na mapumziko mema, na mlangoni pako pasikose mtu wa kupiga hodi.