Uwanja wa Magari Nyuma ya Kinu

Nyamizi alikuwa akirudi Malampaka kwa treni, baada ya kumuuguza dada yake Mwanza msimu mzima, alipowasikia abiria wawili wa kiti cha mbele.

"Tangu ushirika ufe, lile eneo nyuma ya kinu cha pamba kapewa mwekezaji," kijana alisema. "Anajenga uwanja wa mbio za magari. Lami tayari, sasa wanasimamisha jukwaa la watazamaji."

"Na makaburi, mwanangu?" mzee aliuliza.

"Wenye ndugu walihamisha, baba. Yaliyobaki yalisawazishwa na greda. Walitangaza."

"Na aliyekuwa safarini?"

"Hilo si kosa la mwekezaji."

"Bado ni kaburi la mtu."

Nyamizi alimzika mwanawe pale. Treni iliposimama Malampaka, wale wawili walishuka, yeye akabaki ameketi.