Futi ya Fundi

Ndani ya treni ya asubuhi nilikaa katikati ya mwalimu wa Kiingereza na mama fundi cherehani, futi ingali shingoni. Hawakuwa wanajuana, ila walibishana kama mawifi. “Mwanafunzi akijua Kiingereza, mama, anajiamini,” alisema mwalimu.

“Nina binti namfundisha kushona. Zamani ukimuuliza jina anaangalia viatu. Juzi mteja kalalamika suruali imepinda. Binti akampima, akamtazama usoni, akamwambia suruali iko sawa, miguu yake ndiyo hailingani.”

“Kwa lugha gani?”

“Kiingereza. Mteja alikuwa mgeni.”

Mwalimu akajiweka vizuri kitini. “Si unaona?”

“Na bila futi angemwambia nini?”

Treni ikasimama. Walishuka wakiendelea. Mimi nilibaki nalinganisha pindo za suruali yangu.