Kibao cha Wodi ya Wazazi

Lilly, funga mlango wa uani, na wewe Swaka weka simu chini, sogea karibu na kichwa changu, maana sauti imepungua na sitaki kusema mara mbili. Nawaambia kwa Kiswahili, lugha niliyowalea nayo ukimbizini, ili majirani wasilichukue neno hili kabla ninyi wenyewe hamjalipeleka linakotakiwa.

Jumanne tumemzika Athieng. Mlinishika mikono njiani, mkasema mama analia kwa sababu amezalisha wanawake pamoja na marehemu miaka kumi na sita. Ni kweli nililia, na Mungu ampumzishe. Lakini nililia pia nilipouona umati ule kutoka kanisani hadi barabarani, wanawake wa kila kabila, na wasichana watano wanaoitwa Athieng wamebeba maua, nikajiuliza mimi nani atanibebea. Wanangu, nimemwonea wivu hata ndani ya jeneza.

Nyumba hii ya mtaa wa Hai Mauna ni yenu wawili, msiikate kwa ukuta. Cherehani ni ya Lilly. Hayo ni mepesi. Zito ni kile kibao chenye jina langu, ulichokwenda kukitazama wewe Swaka kwa fundi kule mtaa wa Custom, ambacho Jumapili baada ya misa kitapigiliwa juu ya mlango wa wodi mpya ya wazazi pale zahanati. Kisipigiliwe.

Mnakumbuka mishahara ilipokatika miezi tisa, wauguzi wakatawanyika, mmoja akauza chai, mwingine akarudi Uganda. Pale zahanati tulibaki wawili. Watu husema mimi, Teresina, nilibaki kwa moyo wa kuwatumikia wananchi. Nilibaki kwa sababu Athieng alibaki. Kila asubuhi nilitembea nikisali rozari, na katikati ya rozari nikiomba nimkute hajafika. Nilimkuta kila siku. Ananitania, "Sista Teresina, umekuja kuzalisha au kunichunguza?" na kicheko chake kinasikika mpaka nje. Mama mwenye uchungu akifika anauliza, "Sista Athieng yuko?" Namwambia ana mgonjwa, ingia, mimi nipo. "Hapana, sista, nitangoja." Anauma leso, mtoto yuko njiani, na anangoja! Akizaliwa wa kike wanampa jina lake. Miaka kumi na sita, hakuna hata Teresina mmoja.

Kosa lake lilikuwa moja, hakusaini daftari la mahudhurio. Akifika akasikia mtu analia ndani, anapita moja kwa moja kunawa mikono, na jioni ameshasahau. Mimi nilisaini kwanza, kwa mwandiko mzuri. Mishahara iliporudi wakaja watu wa ofisi kuhakiki wafanyakazi, wakafungua daftari. Teresina yupo, yupo, yupo. Athieng hayupo, hayupo. Naye siku hiyo alikuwa amempeleka mgonjwa hospitali kubwa. Mkubwa wao akaniuliza, "Huyu mwenzako alikuwa anakuja kweli?" Nikasema, "Mimi naangalia kazi yangu, bwana." Khalas, yakaisha. Wakalifuta jina lake kwenye orodha, nami nikapewa cheti kile kilicho ukutani, mkafurahi, tukanywa soda. Binti yake Amou mpaka leo anaambiwa mama yake alifukuzwa kwa utoro.

Na Athieng? Kesho yake alikuja, akavaa aproni. Nikamwuliza, dada, huna kazi tena, umefuata nini? Akanitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. "Nyachuol anajifungua leo." Akaendelea hivyo, mchana anazalisha, jioni anauza mboga, mpaka ugonjwa ulipomlaza. Hapo ndipo wivu ulinitafuna zaidi, maana nilikuwa nimemnyang'anya kazi na bado kazi ilikuwa yake.

Wale niliowapokea mimi wako hai, namshukuru Mungu. Mtoto hakuniuliza nimekuja na moyo gani. Alilia, nikamfunga kitovu, nikamkabidhi kwa mama yake. Wivu wangu uliamka mapema, ukafanya kazi ya serikali bila kukosa siku. Lilly, Januari unaanza masomo ya ukunga. Sikuambii usubiri mpaka moyo wako uwe safi. Nenda tu. Ila akiwepo aliye bora kuliko wewe, na ukaulizwa, sema yupo.

Sasa, Jumapili simameni mbele ya kamati ya zahanati, Amou awepo, padri awepo, mseme yote, kisha fundi aandike jina la Athieng. Cheti kiteremsheni leo. Msidhani moyo wangu umetulia. Nikiliwaza jina lake juu ya mlango ule, kifua kinauma, wala si ugonjwa huu. Fanyeni hivyo hivyo.

Ngoja... nipumue. Inua mto, Lilly.

Mungu Baba awabariki, Bikira Maria awafunike, mpendane... mle sahani moja. Mwenzenu akisifiwa, awape... awape kufurahi. Mimi nilinyimwa hilo. Hapana, sikuliomba.

Swaka, sema utakavyosema Jumapili. Nataka kusikia. Sauti, mwanangu, masikio yangu...

Hapana. Usiseme mama alisahau. Sikusahau. Sema, mama yetu aliona wivu... akanyamaza.

Ndiyo. Usilie. Anza tena.