Mtaa Ulioitwa kwa Jina la Jambazi

Tuktuk ya kwenda Shirere ilikuwa na abiria watatu tu, na Fauzia, aliyekaa pembeni, alisikia kila neno. Kijana mwenye fulana iliyochorwa shoka alikuwa akimsimulia mama mmoja habari za stendi iliyo mbele, iitwayo Kwa Shoka. Jambazi Shoka, alisema, aliwahangaisha polisi miaka mingi kabla hawajamuua.

"Alikuwa noma, mathe. Hata timu yetu inaitwanga Mashoka. Bila yeye nani angejua mtaa wetu?"

Fauzia akasonya kimoyomoyo. Mtaa ule ulizaa walimu na wauguzi, na hakuna hata kichochoro kilichopewa jina la mmoja wao.

"Alimkata Osundwa wangu mlangoni, nikiona," mama akasema. "Mume wangu ndiye alijenga hiyo kanisa ya hapo. Mbona hamkuita Kwa Osundwa?"

Kijana akainamisha macho. "Pole, mathe. Lakini huyo watu hawamjui."

"Watamjuaje, na nyinyi mnavaanga muuaji kifuani kama rozari?"

Dereva akageuka. "Mama, unashukia wapi?"

"Hapo kwa kanisa."

"Kanisa gani? Ziko mingi."

Mama akafumba mdomo. Stendi ikaanza kupita. Fauzia akamwonea huruma, akapaza sauti kabla ya kufikiri: "Kwa Shoka, dereva! Simama!"

Tuktuk ikasimama. Mama alimtazama Fauzia kwa dharau ileile aliyomtazama nayo kijana, akashuka bila kusema asante.