Makopo ya Mama: Wasifu wa Aliyemchanganyia Kila Mtu Chai Yake

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa miaka sabini na miwili aliyotuazima mama yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Makopo. Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu ya makopo ya chai yaliyojaa jikoni kwake. Wapo waliodhani anaokota makopo barabarani, na zaidi ya mara moja alikuta mlangoni mfuko wa makopo matupu ulioachwa na msamaria mwema. Aliyaosha, akayatumia.

Mama alizaliwa tarehe 3 Machi 1952 katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha chai, akiwa wa pili kati ya watoto watano. Baba yake alikuwa mkaushaji wa majani kiwandani hapo, na mama yake alikuwa fundi cherehani. Nyumba yao ilikuwa karibu sana na matanuri, hata nguo zilizoanikwa nje ziliingia kabatini zikinukia chai. Babu aliruhusiwa kuleta nyumbani vumbi la chai, yaani mabaki laini yanayobaki chini ya chekeche. Ilikuwa chai kali yenye harufu ya moshi. Mama alipokuwa na umri wa miaka kama tisa, alikausha maganda ya chungwa juu ya jiko, akayaponda na kuyachanganya humo bila kumuuliza mtu. Jioni babu alikunywa funda moja, akaweka kikombe chini.

"Nani amechezea chai yangu?"

Mama akainua mkono kama yuko darasani.

"Mimi, baba."

"Umeichezea vibaya. Maganda yamezidi. Kesho punguza."

Mama alituambia kwamba katika maisha yake yote hakupewa sifa iliyomfurahisha kuliko neno hilo, "punguza". Mtu anayekwambia kasoro, alisema, ameonja kweli. Anayekusifu tu huenda alikuwa anawaza mambo yake.

Alisoma shule ya msingi ya hapo kiwandani, kisha akajiunga na shule ya sekondari ya bweni ya wasichana, ambako alimaliza kidato cha nne mwaka 1970. Masomo aliyoyapenda ni sayansi kimu na kuimba. Mara moja aliadhibiwa kufagia bwalo kwa sababu alikuwa na tabia ya kunusa sahani ya jirani yake kabla ya kunusa yake. Alifagia, lakini tabia ile hakuiacha. Hata wajukuu wake ni mashahidi.

Mwaka 1971 aliajiriwa katika ghala la kufungashia chai. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuosha vikombe vya chumba cha waonjaji. Kwa kuwa alikuwa na pua kali na hakuchoka kuuliza maswali, mwaka 1975 alikubaliwa kuwa mwonjaji, akaifanya kazi hiyo hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2007. Wasioijua kazi hiyo hudhani ni kazi ya kukaa na kunywa chai. Vikombe vyeupe hupangwa mezani mstari mzima, na mwonjaji huchota kwa kijiko, akaivuta chai kwa kelele mpaka isambae mdomoni, kisha akaitema. Mama aliifanya siku nzima, akarudi nyumbani akiwa na kiu.

Kelele hiyo nusura imnyime mume. Baba yetu, fundi saa, alimpeleka kwao kumtambulisha mwaka 1976. Chai ilipoletwa, Mama alijisahau, akaivuta kama yuko kazini. Bibi yetu mzaa baba alimvuta mwanawe pembeni.

"Mwanangu, huyu binti anakunywa kama bomba linalovuja."

Baba akamjibu, "Mama, na mimi kazi yangu ni saa. Nimezoea vitu vyenye sauti."

Mama naye alikuwa na lake moyoni, maana alikuwa amemwona Baba akitia vijiko vinne vya sukari. Walifunga ndoa takatifu tarehe 18 Desemba mwaka huohuo. Miaka iliyofuata Mama alimchanganyia Baba chai yenye mdalasini na vanila, akiongeza kidogo kidogo, na kadiri ulimi wa Baba ulivyoridhika ndivyo mkono wake ulivyosahau bakuli la sukari. Alifika kijiko kimoja. Mpaka leo Baba anaamini kwamba aliamua mwenyewe.

Hapo ndipo makopo yalipoanzia. Mama alinunua majani ya chai yasiyotiwa chochote, akayachanganya nyumbani na vitu alivyokausha mwenyewe kwenye trei karibu na dirisha: maganda ya machungwa na ndimu, mchaichai, mnanaa, tangawizi, maua ya waridi. Karafuu na iliki alizitwanga kidogo tu, zifunguke. Mchanganyiko ukiwa tayari aliufunga ndani ya kopo na kuuacha siku kadhaa bila kuugusa, "majani yafahamiane". Kisha Jumamosi mchana alitumiminia vikombe vidogo na kuuliza swali moja: "Kasoro yake nini?"

Ilitupasa kujibu. Kaka yetu mkubwa alilalamikia tangawizi mpaka ikaondolewa yote. Dada aliyemfuata alitaka mnanaa, kisha akaukataa, kisha akautaka tena. Kutokana na malalamiko hayo kila mmoja alipata kopo lake, lisiloandikwa jina, maana Mama alisema mtu asiyejua harufu ya chai yake hastahili kuinywa. Pembeni kabisa mwa rafu kulikuwa na kopo kubwa la bluu, kopo la wageni, lenye chai ya karafuu ambayo kila anayebisha hodi alipewa.

Mwaka 2011 kaka yetu alioa msusi mwenye saluni ndogo karibu na kituo cha basi. Wifi yetu huyu alilelewa na bibi aliyemfundisha kwamba chakula cha mama mkwe hakina kasoro. Jumamosi ya kwanza Mama alimpa kikombe na kumuuliza swali lake.

"Haina kasoro, mama. Nzuri sana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama. Asante."

Mama aliguna, akamwongezea kutoka kopo la wageni. Ikawa hivyo Jumamosi iliyofuata, na mwaka uliofuata. Mama aliendelea kumwita "bibi harusi" hata baada ya wifi kuzaa watoto wawili. Siku moja wakati wa kuosha vyombo, wifi yetu alimnung'unikia dada kwa sauti ya chini:

"Wifi, katika nyumba hii hata paka nadhani ana kopo lake."

"Paka hanywi chai, wifi."

"Angekunywa, angekuwa nalo."

Mama naye alinung'unika kwa upande wake. "Mtu asiyeniambia anachokichukia nimchanganyie nini? Upepo?" Tulimwambia kila mmoja aanze kusema na mwenzake. Kila mmoja alisema aanze yule mwingine. Walipendana, hilo tulilijua, lakini walipendana kama watu wanaosalimiana kupitia dirishani.

Mwezi Februari 2021 Mama alianza kupata shida ya kumeza. Vipimo vilionyesha saratani ya koo. Alitibiwa kwa mionzi hadi Desemba mwaka huo, na kwa neema ya Mungu uvimbe ulipungua. Lakini tiba ilichukua kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekiwazia. Ilimwondolea ladha na harufu. Alikunywa kikombe chake cha kwanza baada ya kutoka hospitalini, akakitazama muda mrefu, akasema, "Maji ya moto yenye rangi." Kisha akafunika rafu ya makopo kwa kitambaa cha meza. Alisali kama kawaida, alicheka na wajukuu kama kawaida, lakini jikoni alipita haraka, kama mtu anayepita nyumba ya rafiki aliyehama.

Ilipofika Pasaka ya mwaka 2022 alikitoa kitambaa. Alichanganya chai kwa kumbukumbu tu, akaifunga, akaiacha ifahamiane, akatuita sote. Tulikunywa. Ilikuwa mbaya. Iliki na waridi vilikuwa vimezidi kupita kiasi. Mama alituangalia usoni mmoja mmoja.

"Kasoro yake nini?"

"Nzuri, mama," akasema kaka, yule wa tangawizi.

"Nzuri sana," tukaitikia sisi wengine kwa huruma. Baba alisema ni nzuri kuliko zote, na akanywa kikombe cha pili ili kuthibitisha.

Wifi yetu alikishika kikombe chake kwa mikono miwili.

"Na wewe, bibi harusi?"

"Samahani, mama. Hii inanuka sabuni."

Mama akaegemea meza.

"Sabuni ipi? Ya kufulia au ya kuogea?"

"Ya kuogea, mama. Ile ya bei."

Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipomtoka hatukujua tena kama ni ya kucheka. Alipotulia akatunyooshea kijiko. "Ninyi wote mmenidanganya. Tokeni jikoni kwangu. Wewe, baki."

Baadaye wifi yetu alitueleza kilichompa ujasiri. Alisema alimwona Mama akiitafuta ladha yake kwenye nyuso zetu, akaona kwamba wote tukinyamaza, atabaki gizani peke yake.

Tangu siku hiyo alipanga wateja wake upya, akawa anakuja kila asubuhi kabla ya kufungua saluni. Mkono ulikuwa wa Mama, ulimi ukawa wa mkwewe. Tuliwasikia tukiwa sebuleni. "Imekushika wapi, mbele ya ulimi au kooni?" "Kooni, mama." "Basi ni tangawizi, toa." Kazi ya kwanza waliyojipa ilikuwa kutafuta chai ya wifi yetu, na walianza kwa kuuliza asichokipenda.

"Karafuu, mama."

"Karafuu? Kwa nini?"

"Zinanikumbusha daktari wa meno."

Mama akageuka kulitazama lile kopo la bluu.

"Miaka kumi na moja umekuwa ukinywa daktari wa meno nyumbani kwangu?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa heshima?"

"Kwa heshima."

"Mungu atusamehe wote wawili," Mama akasema, na wakacheka tena.

Haikupatikana upesi. Walijaribu na kumwaga, wakajaribu na kumwaga. Mwishoni mwa mwaka 2023 ugonjwa ulirudi na kuingia mapafuni, na madaktari wakatuambia kwa upole kwamba tujiandae. Hofu ya wifi yetu ilikuwa moja tu, wala hakuificha. Mama ataondoka naye bado anakunywa ya wageni. Mama alikuwa na hofu hiyohiyo. Mwezi wa tano mwaka huu, akiwa hawezi tena kusimama, tulimhamishia kitanda chumba cha karibu na jiko, na kutoka hapo akawa anaelekeza kwa sauti. Ndimu zaidi. Mchaichai nusu. Chembe ya vanila, chembe, si kijiko!

Siku chai hiyo, iliyofungwa mara ya mwisho, ilipofunguliwa, wifi yetu alileta kikombe akaketi ukingoni mwa kitanda. Alikunywa. Mama, ambaye hakuweza kuionja wala kuinusa, alikuwa anamtazama uso tu. Hakuuliza swali lake.

"Ndiyo hii," Mama akasema. "Nimeiona."

Kisha akaomba aletewe kopo lake mwenyewe, lile lililobonyea ambalo alitoka nalo kwa baba yake. Akaagiza limwagwe, lifutwe, na litiwe chai mpya.

"Mama, hili ni lako," wifi yetu akasema.

"Mimi nakunywa maji ya moto, mwanangu. Maji hayahitaji kopo."

Hakumwita tena bibi harusi.

Mama alilala katika Bwana asubuhi ya tarehe 6 Juni 2024, nyumbani, baada ya kusali pamoja na Baba aliyemshika mkono. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, kanisa, kwaya ya akina mama aliyoiimbia sauti ya pili kwa miaka mingi, na majirani wote.

Ameacha mume wake, fundi saa, watoto watatu aliowazaa, na wa nne aliyempata kikombeni, wajukuu watano, dada mmoja na kaka wawili, na rafu moja ya makopo ambayo kila mmoja wetu analijua lake hata akifumba macho.

Baada ya maziko, wote mnakaribishwa nyumbani kwa chai. Imetoka kopo la bluu, la wageni, lakini ameichanganya wifi yetu, na karafuu hazimo. Atapita kwenu akiuliza kasoro yake nini. Kwa heshima ya Mama, tunawaomba msiseme nzuri. Onjeni kwanza.

Pumzika kwa amani, mama yetu. Mungu aliyekupa ulimi ule akurudishie mbele zake kila ladha na kila harufu uliyoiacha njiani. Amina.