Hatimaye Maestra Eulalia Anatupumzisha

Baada ya miaka arobaini na mmoja ya kutusahihisha, Maestra Eulalia Boza Quiala, mwalimu wetu wa dansi, anastaafu tarehe 31 Julai. Shule yetu ya baleti hapa Camagüey imeipokea habari hii kwa majonzi makubwa, hasa sisi ambao sasa tutaweza kuketi vibaya bila kudungwa mgongoni na ncha ya mwavuli.

Alikuja kutoka Baracoa, binti wa fundi cherehani, mwanamke mweusi wa kwanza kufundisha darasa la juu shuleni hapa. Wakuu walimkirimu kwelikweli: walimpa chumba kinachovuja na mpiga piano asiyeshika mapigo. Mpiga piano huyo ni mimi. Siku ya kwanza aliniambia, "Mwanangu, unapiga kama mtu anayeshusha jokofu ngazini." Sijapata sifa kubwa kuliko hiyo tangu siku ile.

Kisa cha Yamirka Despaigne kila mtu anakisimulia, na kila msimuliaji eti alikuwa upande wa haki. Tukumbushane. Yamirka, binti wa mkata miwa, ndiye aliyekuwa bora darasani. Mtihani wa mwisho ulipokaribia, mkurugenzi wa wakati huo, Bwana Fermín Arrebola, mwenye jicho kali la kisanii, aligundua kwamba ngozi nyeusi ya binti huyo ingeharibu safu ya wachezaji wanaoigiza mabata maji weupe. Akamfuta kwenye orodha ya mtihani.

"Hao ndege wanacheza kwa miguu au kwa rangi?" Maestra akamuuliza.

"Mwenzetu Eulalia, usinitie matatani. Ni kamati, si mimi."

"Basi nisalimie kamati."

Siku ya mtihani, kamati kutoka Havana iliketi ukumbini, ikanywa kahawa, ikasubiri. Jukwaa tupu. Maestra alikuwa amelipakia darasa zima kwenye tela la miwa, mimi na piano tukiwa mizigo, hadi kiwanda cha sukari. Kamati ikalazimika kutufuata, viatu vikizama topeni. Yamirka akacheza kwenye jukwaa la kupakulia miwa, mbele ya wakataji waliotoka zamu na mapanga yao. Baba yake alisimama mbele, kofia kifuani. Binti alipomaliza, sauti moja kati ya wakataji ikasema, "Mwacheni arudie." Akarudia. Kamati ikampa alama za juu. Jicho la kisanii hulegea sana mbele ya mapanga.

Bila shaka Maestra alituzwa. Aliondolewa darasa la juu, akafutwa kwenye safari zote za nje, akakabidhiwa watoto wadogo wasiojua kulia na kushoto. Alikaa nao miaka kumi na minane. Kwa bahati mbaya ya Bwana Arrebola, watoto hukua. Leo hao ndio walimu wa shule hii, na ndio waliomrudisha darasani kwake. Yamirka, aliyecheza kwenye majukwaa ambayo Maestra hakuruhusiwa hata kuyaona, anampokea kijiti Septemba.

Maestra, tumekununulia kiti cha kubembea, tukijua fika hutakikalia. Asante kwa yote. Nenda ukaishi vyema, mama, na afya iwe nawe. Miaka yote tuliyokuogopa tulikuwa tunakupenda. Ila hukutupa mapumziko ya kukuambia hivyo.