Miaka Ishirini na Tisa Bila Kumwita Mtu kwa Jina Tupu

Bwana Kalisti Mrema anastaafu Ijumaa hii, tarehe 26 Juni 2026, baada ya kuitumikia Hifadhi ya Picha za Kusini, hapa Rockville, kwa miaka ishirini na tisa na miezi minne. Ofisi itamuaga mchana, kwa Kiingereza, kwa keki na hotuba ya dakika tano. Jumamosi tutamuaga sisi, ukumbini Silver Spring, kwa Kiswahili na kwa chakula cha kueleweka, na mimi ndiye niliyebebeshwa kazi ya kuandika wasifu wake. Naitwa Chepkirui. Nimefanya kazi meza moja naye kwa miaka kumi na moja, na kwa kuwa mimi ni Mkenya wa Kericho, najua atausoma wasifu huu akiwa na penseli mkononi, akinisahihisha Kiswahili.

Kwa wale wasioijua kazi yetu: hifadhi hii inatunza filamu na picha za marehemu Clement Hargrove, mpiga picha mweusi aliyekuwa na studio katika mji mdogo wa Alabama kuanzia miaka ya arobaini hadi ya sabini. Ni filamu elfu sitini na moja, kila moja ndani ya bahasha yake. Hargrove alipiga kila kitu. Alipiga harusi, ubatizo mtoni, vinyozi kazini, watoto wa shule waliopakwa mafuta mpaka wanang'aa, akina mama wakimenya njegere barazani. Harakati za haki za kiraia zilipofika mjini kwake, alipiga na hizo: maandamano, mikutano ya makanisani, vijana waliokaa kwenye mikahawa iliyokataa kuwahudumia, askari na mbwa wao. Wageni wanaotafuta historia huomba masanduku ya maandamano. Mzee Kalisti huwaletea, kisha huwaongezea sanduku moja la harusi ambalo hawakuliomba, akisema hawa watu waliandamana Jumatatu lakini Jumamosi walikuwa wanaoana. Wanaoomba harusi huwaongezea maandamano. Hakuna aliyewahi kutoka pale na alichokiomba tu.

Alizaliwa Marangu, akajifunza kazi katika studio moja ya Moshi mjini, akipiga picha za pasipoti na kuzisafisha kwenye chumba cha giza ambacho, kwa maelezo yake mwenyewe, kilikuwa choo. Alifika Marekani mwaka 1994 na kuosha vyombo kwenye mkahawa wa Silver Spring. Februari 1997 hifadhi ilimwajiri aoshe sakafu na trei za dawa. Wiki ya pili fundi wa picha aliugua, na kulikuwa na picha kumi na mbili zinazosubiriwa na jumba moja la makumbusho. Asubuhi zilikutwa zimening'inia, safi, zimekauka. Wakubwa walizunguka jengo zima wakiuliza ni nani aliyezisafisha, na wa mwisho kuulizwa alikuwa mtu wa deki. Tangu siku hiyo hakushika tena ufagio wa ofisi, ingawa mkewe, Mama Genoveva, anasema wa nyumbani pia hajaushika.

Sifa zake za kazi ni nyingi na nitataja moja. Mwaka 2003 bomba la maji lilipasuka juu ya ghala na masanduku arobaini yakalowa. Filamu ikikauka ikiwa imegandamana na mwenzake, basi tena. Mzee Kalisti alifunga kamba kwenye korido zote tatu, akazianika filamu moja moja kwa vibanio vya nguo, siku nne mfululizo. Hakupotea mtu hata mmoja katika wale waliopigwa picha. Vibanio vilikuwa vya Mama Genoveva, na havijarudi mpaka leo.

Sasa nifike kwenye tabia yake. Kila asubuhi, kabla hajafungua sanduku, Mzee Kalisti husema shikamoo. Mara ya kwanza nilidhani anaongea na simu. Kumbe anawasalimia waliomo. Nilipocheka, alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtoto aliyekulia porini, akaniambia wengi wa watu hawa leo wangekuwa na miaka mia na zaidi, sasa atapekuaje sanduku la wazee bila kuwaamkia? Mimi kwetu tunapeana mkono na yameisha. Kwa miaka kumi na moja nimemsalimia "Habari ya asubuhi," na kwa miaka kumi na moja amenijibu, "Nzuri, mwanangu, ila hiyo si salamu."

Tabia hiyo ndiyo iliyomponza mwaka 1999. Ofisi ilikuwa imenunua kompyuta na Mzee Kalisti akapewa kuingiza majina yaliyoandikwa kwenye bahasha. Hargrove alikuwa mtu wa haraka. Aliandika majina matupu. Mzee Kalisti hakuweza. Kila mwanamke mzima alimtilia "Mrs." au "Miss" mbele, na kila mwanamume "Mr.", kwa sababu kumwandika mtu wa makamo ya mama yake kwa jina tupu vidole vyake vilikataa. Alipomaliza, kompyuta ikapanga orodha kwa alfabeti, na watu elfu nne na mia mbili wakaangukia wote kwenye herufi M. Kwa wiki mbili hifadhi nzima ilikuwa na herufi moja.

Bwana Christopher, ambaye sasa ni mkurugenzi wetu lakini wakati ule alikuwa kijana mwenye haraka zake, hakucheka. Alimwagiza aondoe vyeo vyote vya heshima, jina kwa jina. Mzee Kalisti alitii, ikamchukua mwezi. Ila alichokifuta kwenye kompyuta alikirudisha kwenye bahasha, kwa penseli, kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka, akijua kabisa kwamba haruhusiwi. Nilipomkuta akifanya hivyo, miaka mingi baadaye, alijitetea hivi: "Huyu ni bibi wa watu. Nimwite Odessa tu, kama nilicheza naye mpira wa rede utotoni?"

Huyo Odessa ndiye aliyemchelewesha kustaafu. Ni bahasha namba 2308, ya kiangazi cha 1961. Mwanamke amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha mahakama, mkoba mapajani, glovu nyeupe mikononi, anaitazama kamera kama mtu anayemngoja aliyechelewa. Hargrove aliandika maneno mawili tu, "Odessa, mahakamani." Kwenye masanduku yote ya harakati, huyu ndiye peke yake aliyebaki bila jina la ukoo. Mzee Kalisti aliandika "Mrs. Odessa" kwa penseli, akaacha nafasi mbele yake.

Nafasi hiyo ilimtesa. Aliandikia makanisa. Alipiga simu kwa wazee wa Alabama kila Jumamosi mpaka wengine wakawa wanampigia wao kumjulia hali. Likizo mbili alikwenda huko mwenyewe kusoma majina makaburini, na Mama Genoveva hajachoka kueleza kwamba wanawake wenzake hupelekwa ufukweni Ocean City, yeye akapelekwa makaburini. Mwaka 2023 magoti yalimtaka astaafu, akakataa. Mwaka jana daktari alimtaka, akakataa tena. Alimwambia mkurugenzi kwamba hawezi kumwacha yule mama kwenye benchi. Kisha vuli iliyopita ukaja uamuzi: tarehe mosi Julai mwaka huu orodha yetu inawekwa mtandaoni, na masanduku yote yanahamishiwa ghala la baridi Pennsylvania, ambako bahasha hazifunguliwi ovyo. Dunia nzima ingesoma "Odessa, jina la ukoo halijulikani," na ndiyo ingekuwa basi. Sijawahi kumwona akiwa na huzuni kama majira yale ya baridi. Kila mgeni mwenye mvi aliletewa sanduku la mahakama, awe ameomba ubatizo, awe ameomba mpira wa shule.

Jumamosi ya pili ya Machi tulifungua milango kwa wananchi. Zikiwa zimebaki dakika kumi tufunge, akaingia mama mmoja wa miaka sabini na tisa, na fimbo yake, kutoka Woodbridge. Foleni ya barabara kuu ya I-95 ilikuwa imemla saa mbili. Kwa kanuni Fahmi, mlinzi wetu, alipaswa kumrudisha. Badala yake alimvutia kiti: "Mama, you sit hapa kwanza, pumua, nobody is closing." Mama yule alikuwa anaitwa Queen, na alitaka picha moja tu, ya darasa lake la sita. Mzee Kalisti alimletea sanduku la shule. Akamwongezea la mahakama.

Bi. Queen alilipata darasa lake, akacheka nywele zake za wakati ule. Halafu akaanza kupekua sanduku la pili, kwa adabu tu, ndivyo nilivyodhani. Akasimama kwenye bahasha moja. Hakuitoa picha. Alikuwa anasoma penseli. Akauliza ni nani aliyeandika "Mrs." hapa, kwa sauti iliyonifanya nidhani tumeshtakiwa, na Mzee Kalisti, mkono juu kama mwanafunzi, akakiri.

Yule wa kwenye benchi alikuwa mama yake Bi. Queen. Kiangazi kile aliitwa mahakamani kuwa shahidi, na wakili wa serikali, aliyekuwa akiwaita mashahidi weupe kwa vyeo vyao, alimwita Odessa. Hakuitika. Akaitwa mara ya pili, mara ya tatu. Akasema ataitika atakapoitwa kama anavyoitwa mke wa huyo wakili. Hakimu alimpa siku tano jela kwa dharau, na Hargrove alimpiga picha pale benchini akisubiri kupelekwa. Bi. Queen alikuwa na miaka kumi na minne. Alitueleza kwamba hata jina lake mwenyewe lilikuwa mpango wa mama yake: alimwita Queen, yaani Malkia, ili yeyote atakayefungua mdomo kumwita binti yake, apende asipende, amwite kwa heshima. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo, kwamba mama yake alilala jela siku tano kwa ajili ya hicho kineno kimoja, na hakuna gazeti wala karatasi ya serikali iliyomwandikia mpaka alipofariki. Na hapa mtu kamwandikia, wala hakuombwa.

Mzee Kalisti, ambaye ana la kusema hata kuhusu jinsi ninavyochemsha chai, alivua miwani. Machozi yalimtoka wazi, na yangu pia, na ya Fahmi, ambaye anasema ni mafua. Kisha Mzee Kalisti akampa Bi. Queen penseli. Bi. Queen akajaza nafasi mwenyewe, taratibu: Pruitt. Mrs. Odessa Pruitt.

Jumatatu Bwana Christopher alizitoa bahasha za sanduku zima, akazisoma moja baada ya nyingine akiwa amesimama. Kisha alikuja kwenye meza yetu na kumwomba Mzee Kalisti radhi mbele yetu sote, na naandika hili kwa sababu wakubwa wengi wangetuma barua pepe. Akaagiza heshima zirudishwe kwenye orodha kabla haijawekwa mtandaoni, safari hii kwenye sehemu yake ya pembeni, tusije tukarudi kwenye herufi M. Heshima za watu elfu nne na mia mbili hazikuwa zimeandikwa mahali pengine popote duniani isipokuwa kwa penseli ile isiyoruhusiwa. Tumeziingiza sisi wawili, wiki kumi na tatu, yeye akisoma, mimi nikichapa. Tulimaliza Jumatano iliyopita, saa nane mchana, akaenda kula ugali wake kama siku nyingine.

Bi. Queen atakuwa nasi Jumamosi, meza ya mbele, karibu na Mama Genoveva, ambaye amemwandalia machalari, ndizi na nyama za kwao Marangu. Watoto wetu watakaomsalimia kwa "Hi" wajue wanatazamwa.

Sasa nina ungamo. Mwezi uliopita nilimpiga Mzee Kalisti picha akiwa amekaa kwenye benchi la korido, miwani juu ya paji la uso, akinung'unikia mwanga wangu. Picha hiyo nimeiweka kwenye bahasha na kuitia kwenye sanduku la wafanyakazi, linaloondoka na mengine kwenda ghalani. Kanuni inasema kuandika jina na tarehe, basi. Huku ofisini Wamarekani wamemwita Kalisti kwa miaka ishirini na tisa, kwa upendo, kwa kuwa ndivyo wanavyopendana, naye hajawahi kulalamika hata siku moja. Mimi nimeandika kwa penseli, kwa mwandiko unaojitahidi kunyooka: Mzee Kalisti Mrema.

Asante kwa picha, kwa vibanio, na kwa kila sanduku ambalo hatukuliomba. Tunakutakia asubuhi ndefu zisizo na foleni, magoti yanayokutii, na ufukwe mmoja angalau kwa ajili ya Mama Genoveva. Na kwa kuwa hutakuwepo Jumatatu kunisahihisha, acha niilipe hapa salamu niliyokunyima kwa miaka kumi na moja.

Shikamoo, Mzee.